Ukuta wa Chumbani kwa Mavyaa

Mkitaka kumjua Kahonzi, uacheni uso wake, mtazame mikono. Uso ameurithi kwa watu wa baba yake, hapo sina la kujisifu. Mikono ni ya kwetu. Mama yake ni dada yangu wa tumbo moja, na katika ukoo wetu mkono haujawahi kukosea, iwe ni kusuka makuti, kupanda mnazi au kupokea gilasi. Basi kila mtakachosoma hapa cha kusifika, jueni kina mjomba nyuma yake.

Kahonzi ni mkandikaji. Fundi akishasimamisha fito na kuzijaza udongo, nyumba huwa na sura ya mtu aliyeamka vibaya. Hapo ndipo anapoitwa yeye. Anachekecha udongo mwekundu wa Ganze, anauchanganya na mchanga na samadi ya ng'ombe, anauponda kwa miguu huku akiimba wimbo usio na mwisho, kisha anaupaka kwa kiganja. Akimaliza, nzi akitua ukutani anateleza. Na kazi haiishi, kwa sababu kwetu nyumba ya udongo haikandikwi mara moja tu. Kukiwa na arusi, inakandikwa upya. Ikifika Krismasi au Idi, inakandikwa. Akisikika mgeni wa maana anakuja, hata kama ni wa kunywa maji na kuondoka, ukuta lazima uoshwe uso. Mwenye nyumba anayempokea mgeni mbele ya ukuta wenye nyufa husemwa mpaka na kuku wake.

Likumbukeni hilo la mgeni. Nitalihitaji mbele.

Sasa, palikuwa na mzee mmoja akiitwa Kiponda. Hakuwa na shamba, hakuwa na mke, hakuwa na mbuzi hata wa kuazima. Alikuwa na miguu. Alitembea kutoka Ganze mpaka Sabaki, kutoka Sabaki mpaka Gongoni kwenye chumvi, akilala kwa watu. Wageni wengine asubuhi husema ahsante wakaondoka. Kiponda alitoa mkebe wa chokaa, akapaka kipande cha ukuta wa mwenyeji wake, upana wa mkeka wa kuswalia, akangoja kikauke. Kisha akasaga makaa, akayachanganya na utomvu wa mkorosho ili yashike, akaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake. Wengine walimwita mwendawazimu, wengine mganga. Padri mmoja alimwita mwanafalsafa, na neno hilo likamkaa, maana hakuna aliyelijua vya kutosha kulipinga.

Aliandika mambo kama haya: "Kivuli hakina mwenyewe, kina zamu." Au: "Siku zinakuja ambapo maneno yatasafiri bila mtu, na mtu atakaa bila maneno." Hilo la pili aliliandika zamani, simu pekee ikiwa ile ya waya pale posta. Watu walicheka. Leo nenda nyumba hiyo saa ya chakula, uwaone wote wameinamia viganja, kimya, ndipo utajua nani alikuwa mwendawazimu.

Nyumba moja aliyolala ilikuwa ya dada yangu. Kahonzi alikuwa msichana mdogo, naye alikuwa ametolewa shule kwa sababu ya maji. Ganze ya wakati ule, na ya wakati huu pia msinifanye niseme mengi, maji yalikuwa mbali, na binti wa kwanza ndiye aliyekuwa bomba la nyumba. Kiponda akaandika ukutani jikoni: "Kiu haiulizi kata ilichongwa na nani." Kila jioni Kahonzi akikoroga sima alikuwa na sentensi hiyo mbele ya pua. Herufi nani alimsaidia? Mimi! Nilikuwa nimefika darasa la tano kabla mimi na mwalimu hatujahitilafiana juu ya nani anamfundisha nani. Nilimwonyesha zote, hata ile Q nilimwambia ni O iliyotoa ulimi, na mpaka leo hajawahi kuihitaji. Mwezi ulipoandama alikuwa anasoma ukuta mzima, na sima ikaungua mara nyingi, na dada yangu akanilaumu mimi. Hivyo ndivyo Kahonzi alivyojua kusoma. Wengine wana shule, yeye ana jiko.

Akakua, akaolewa na Karisa, kijana wa Ganze hiyo hiyo anayefanya kazi ya chumvi Gongoni na kuja nyumbani akiwa mweupe mpaka kope. Akaanza kukandika. Mambo yakaenda hivyo hadi arusi moja ya Sabaki.

Mwenye arusi, mama mmoja aitwaye Pamela, alimwita akandike nyumba nzima. Mimi nilimsindikiza mpwa wangu kwa sababu za usalama, na pia pilau lilikuwa linapikwa. Kahonzi akakandika kuta tatu. Alipofika wa nne akaweka udongo chini. Ukutani palikuwa na mwandiko anaoujua: "Mlango ni ukuta uliokubali kushauriwa."

"Mbona umesimama, mwanangu?" Pamela akauliza. "Udongo unakauka."

"Ukuta huu sikandiki."

"Hukandiki! Arusi ni kesho kutwa. Nimekuita unikandikie au unisomee?"

"Zote tatu nimekupakia. Huu kama wataka ufutike, futa mwenyewe. Mkono wangu hauingii hapo."

"Mjomba-mtu, sema na mwanao!"

Mimi nilikuwa na mnofu mdomoni, kwa hiyo niliamua kwa hekima kunyamaza. Wakabishana wee. Mwisho Kahonzi akasema, "Basi nipe nafasi. Usipopapenda, nitapafuta bila kukusumbua." Akakandika ukuta wote, akakiacha kile kipande cha chokaa na maneno yake, kisha akakizungushia ukingo wa udongo, akaufinyanga maua na majani ya mkorosho, kama picha ya ukutani kwa watu wenye nyumba za mawe. Siku ya arusi hakuna aliyetaka kupigwa picha mahali pengine. Bibi arusi alisimama hapo, bwana arusi akasimama hapo, shangazi mmoja alisimama hapo mpaka akaletewa kiti.

Aliyekuwa anapiga picha hizo ni Riya, binti mwenye miwani na subira, kutoka Malindi. Babu yake ni Mzee Lakhamshi, mwenye lile duka la misumari, rangi na madaftari. Riya akazipeleka picha nyumbani, na babu yake alipouona ule ukuta akasimama kutoka kitini, mtu ambaye siku hizi hasimami hata kwa mteja.

"Hiyo chokaa yangu!" akasema. "Kiponda! Alikuwa anakuja dukani na mkebe wake, ananiambia, Lakhamshi, nijazie, nitakulipa kwa kusahau unachonidai. Miaka yote nilimjazia. Nilidhani anapaka miti!"

Wakamtafuta Kahonzi, wakamleta dukani. Mzee Lakhamshi akamuuliza kama kuta kama hizo zipo nyingi. Kahonzi akamwambia zipo, lakini zinapungua. Kila Krismasi inakula moja, kila arusi inakula nyingine, na wanaojenga nyumba za mawe wanabomoa bila kuangalia. Hapo hapo, katikati ya magunia ya misumari, kikazaliwa Chama cha Kuta za Kiponda. Mwenyekiti, Mzee Lakhamshi. Picha na kupiga chapa maandishi, Riya. Kahonzi wa kutafuta kuta na kuzilinda. Mimi nilijipa cheo cha Mshauri Mkuu, na hakuna aliyepinga. Lengo: kukusanya maneno yote ya mzee na kuyatia kitabuni, kabla mvua na wageni hawajayamaliza.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kazi ya kukaa. Kahonzi aliingia nyumba baada ya nyumba kuwaomba watu wasikandike, yeye ambaye anakula kwa kukandika. Watu wakamcheka, "Mvuvi anatuomba tusile samaki!" Akawalipa kwa kuwafinyangia ukingo, na ukingo huo ukawa fahari, hata nyumba ambazo Kiponda hakuzikanyaga zikaanza kuutaka mtupu. Palikuwa na nyumba moja mbuzi alilamba chokaa akala nusu ya sentensi. Riya aliacha nafasi nyeupe kwenye ukurasa, akaandika chini: mbuzi amepita hapa. Mzee Lakhamshi alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema hiyo isifutwe kamwe.

Hivyo kitabu kikajaa. Kilibaki kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichomkosesha Kahonzi usingizi.

Ukuta wa Gongoni, alioandika Kiponda karibu na mwisho wa maisha yake, ulisema: "Nimelala katika nyumba za watu mpaka njia zote zimenijua. Watu huniita msafiri. Lakini msafiri hasa ni" na hapo chokaa ikaisha. Mwenye nyumba anakumbuka alivyomwambia mzee anunue nyingine, naye akasema, "Nitamalizia mbele." Akaondoka huku anakohoa. Nyumba iliyofuata ndiyo ya mwisho. Aliugulia hapo, akafia hapo. Na kabla hajafa aliandika ukutani, majirani walimwona akiomba chokaa.

Nyumba hiyo ni ya nani? Ya Kanze, mamake Karisa. Mavyaa wake Kahonzi! Walikuwa ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana, na kwa miaka yote hiyo Kahonzi hajauona ukuta huo hata mara moja.

Msimcheke. Ukuta wenyewe uko chumbani. Kanze, mjane, alimpa mgonjwa chumba chake kwa kuwa ndicho kilichokuwa na kitanda, yeye akalala jikoni. Mzee alipokufa, Kanze akarudi chumbani, akatundika leso juu ya yale maandishi, mlango akaufunga. Na chumba cha mavyaa hakiingiwi na mke wa mwana. Karisa mwenyewe, aliyezaliwa humo, hajakikanyaga tangu alipoota ndevu. Kanze hajui kusoma, wala hakuwahi kumwita mtu amsomee, maana watu wa kwetu midomo yao haina mlango. Walishaanza kusema mzee kamwandikia maneno ya mapenzi.

Kahonzi alimwendea kwa adabu, mimi nikiwa kando kama shahidi.

"Mama, wenzangu wa chama wanaomba kuuona ule ukuta wa Mzee Kiponda."

Kanze alikuwa anapepeta mahindi. Ungo haukusimama. "Upi?"

"Wa chumbani kwako, mama."

"Chumbani kwangu kuna kitanda na mtungi."

"Na ukuta, mama."

"Kila chumba kina ukuta. Waende wakatazame ya kwao."

Nikaona ni wakati wa ushauri mkuu. "Mkwe," nikasema, "simu ya Riya itapiga ukuta tu. Kitanda chako haitakigusa. Au mzee aliandika kitu kinachokutia haya?"

Kahonzi akanifinya. Kanze akaweka ungo chini, polepole.

"Wewe mjomba-mtu, siku ya mahari ulikunywa kibuyu cha kwako na cha shangazi. Sasa umekuja kunywa ukuta?"

Nikakumbuka nina safari.

Kahonzi hakumsukuma. Mavyaa hasukumwi. Lakini dukani Malindi aliwaambia wenzake, "Kitabu bila ukuta ule ni mtungi bila kitako. Sitakubali kiende kwa mchapaji. Nimewaambia watu wa Sabaki mpaka Gongoni wasifute neno la mzee. Halafu mimi nikiri la mwisho liko nyumbani kwangu na sikulipata?" Riya akasema watu wangesoma mpaka mwisho wakaanguka shimoni, katikati ya sentensi. Mzee Lakhamshi aliwasikiliza, akavua miwani.

"Mwambieni bibi huyo sitaki picha," akasema. "Mwambieni nataka kuja kumshukuru. Alimlaza mteja wangu kitandani kwake, akamzika. Mimi nilimpa chokaa tu."

Huyo ndiye mfanyabiashara! Ombi unaweza kulikataa. Mgeni anayekuja kushukuru utamkataaje? Kanze alipoelezwa alitazama mlango wake, akasema, "Aje. Waje wote, na huo ukuta waone. Lakini iwe Jumamosi, nipate kujitayarisha."

Kahonzi alirukaruka kama ndama. Akaenda Malindi katikati ya juma kumsaidia Riya kupanga kurasa, na Jumamosi wakaja, Mzee Lakhamshi kiti cha mbele cha gari, shada la maua mapajani. Mimi nilitangulia na pikipiki yangu, inayojulikana kuliko diwani.

Nyumba ilimeremeta. Kuta za nje zimekandikwa, uwanja umefagiwa kwa mistari, kuku wameoga, nadhani. Kanze mwenyewe amevaa leso mpya, jozi nzima.

"Shikamoo, bibi," Riya akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Lakhamshi, karibu. Kumbe u mzee hivyo! Kiponda alikusifia kama kijana."

"Wakati ule nilikuwa kijana, mama. Chokaa ndiyo imeniingia kichwani," akasema Mzee Lakhamshi akionyesha mvi zake.

Wakacheka, wakanywa madafu, shukrani zikatolewa na kupokewa. Kisha Kanze akasimama, akatoa ufunguo, akafungua chumba. "Kahonzi, ingia nawe. Leo nimekuruhusu." Tukaingia. Kanze akaivuta ile leso ya ukutani kwa madaha, kama anafunua pilau.

Ukuta ulikuwa mwekundu. Laini, sawasawa, umekandikwa upya kuanzia sakafuni hadi kwenye paa. Hapana chokaa. Hapana herufi hata moja.

Riya alikuwa ameshainua simu, ikabaki hapo hewani.

"Mama," Kahonzi akasema, sauti imekuwa nyembamba kama uzi. "Nani amekandika?"

"Mimi, nani mwingine? Alhamisi, kwa mikono yangu. Si wageni wanakuja? Ulikuwa na nyufa, na mchwa wamepanda upande ule. Mgeni atoke Malindi aje aone mchwa?"

"Na maneno, mama?"

"Si yamo ndani? Nimeyafunika, sikuyatupa. Mkeka ukifunikwa shuka unaacha kuwa mkeka?"

Hapo nilimtazama mpwa wangu. Angekuwa mtu mwingine angepiga yowe. Lakini huyo ni mavyaa, na zaidi ya hayo, alilofanya ndilo Kahonzi mwenyewe analowafanyia watu kila siku ya maisha yake. Nani angemkosoa mwenyeji kwa kumpambia mgeni ukuta? Kahonzi akasema, "Umekandika vizuri, mama. Hata mimi nisingefikia." Nikaona jinsi neno hilo lilivyomgharimu.

Mzee Lakhamshi akakaa kitandani bila kuambiwa. Riya akapendekeza maji na kitambaa. "La!" Kahonzi akasema. "Maji yatavuruga kila kitu." Akasogea, akagonga ukuta kwa vidole. Pembeni ulilia bubu. Katikati ulilia kama kibuyu kitupu. Uso wake ukafunguka. "Chini yake kuna chokaa, na udongo haukushika juu ya chokaa. Umeshakauka, unataka kubanduka wenyewe. Tukiutoa taratibu, maneno yako pale pale. Mama, naomba ruhusa."

Kanze akainua mabega. "Kazi yangu ya Alhamisi nzima. Haya, bandua."

Kahonzi akaingiza kucha kwenye ufa mmoja, akavuta kama mtu anayebandua mkate wa kumimina kwenye kikaango. Pande kubwa likatoka, likaangukia mkekani. La pili. La tatu. Tukainama kutazama.

Chokaa ilikuwa nyeupe pe. Safi kama yai. Palikuwa na vivuli vivuli vya moshi, basi.

Kumbe yule mzee, mwisho wake, hakuwa na nguvu za kutafuta utomvu wa mkorosho. Alichukua kaa kavu jikoni kwa Kanze akaandika hivyo hivyo, na udongo mbichi wa Alhamisi uliyalamba maneno yote. Kahonzi alilijua hilo alipopitisha kidole kikatoka kitupu. Akakaa chini sakafuni, mikono yake mizuri imelala mapajani. "Ni mimi," akasema. "Ningeuacha pengine tungepata njia nyingine. Nimeyang'oa mwenyewe." Na Kahonzi ambaye hajalia tangu alipozaa, akalia.

Kanze ndipo alipofahamu. Alimtazama mke wa mwanawe, akatazama ukuta, na uzee ukamshukia mara moja. "Mimi sikujua yanafutika," akasema. "Miaka yote nilidhani maneno ni kitu kigumu." Kisha, kwa kuwa mwanamke wa kwetu akizidiwa hushika kazi, akasema, "Haya matope yatoeni humu, yananichafulia mkeka." Kahonzi akayapanga mapande kwenye ungo, migongo iliyogusa chokaa ikiwa juu, akatoka nayo kwenda kuyamwaga.

Mimi nilikuwa nje. Nilishatoka kwa sababu kilio kinaniharibia sura, na nilikuwa nimeinama kwenye kioo cha pikipiki nikirudisha masharubu mahali pake. Kahonzi akapita nyuma yangu. Na ndani ya kioo, juu ya bega langu la kushoto, nikaona neno limesimama wima, linasomeka kama gazeti: ALIYEKAA.

"Simama hapo!" nikapiga kelele. "Kahonzi, simama! Usimwage!"

"Mjomba, leo siwezi mzaha."

"Si mzaha! Ungo una maneno!"

"Mjomba, nakuomba."

Mnaona faida ya kutania watu maisha yote? Siku unayosema kweli unakuwa wewe na kuku. Ikabidi nimshike mkono nimlete mbele ya kioo kwa nguvu. Akatazama pande lile kwa macho: mikwaruzo ya makaa isiyo na maana. Akatazama kwenye kioo. Akatazama tena pande. Udongo ulikuwa umeyachukua maneno yote kama muhuri, yamegeuka kinyumenyume, na kioo kikayarudisha sawa. Akapiga kelele ambayo walioko Sabaki nadhani walisikia.

Wakatoka wote. Tulifungua kile kioo kwa spana. Kahonzi akayapanga mapande juu ya mkeka uani, akiyaunganisha kwa nyufa zake, mikono ile ya kwetu ikicheza, na Riya akamshikia kioo juu yake. Baadaye Riya alisema simu yake ingeweza kugeuza picha bila kioo. Mimi nimemjibu kwamba simu yake ilijifunza kwa pikipiki yangu.

Kahonzi ndiye aliyesoma. Alisoma kwa sauti, polepole, kama zamani jikoni:

"…aliyekaa nyumbani. Mimi nimelala, Kanze amekwenda kisimani. Nimeamka, Kanze amekwenda kuni. Miguu yangu imepita kwenye nyumba nyingi, na kila nyumba palikuwa na mtu aliyetembea zaidi yangu ili mimi niketi. Mgeni husifiwa safari. Mwenyeji ndiye anayesafiri. Nikipewa miguu mingine sitaandika. Nitateka maji."

Mzee Lakhamshi alishusha kichwa. Kanze alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Maneno ya mapenzi hayo? Mimi sijui. Mnipimie nyinyi.

"Imekwisha?" Kanze akauliza.

Kahonzi akasita. Kulikuwa na pande moja dogo lililobaki. Akaliweka kwenye kioo, akalisoma kimya, akabana midomo.

"Soma," Kanze akasema.

"Mama, si lazima…"

"Soma!"

"'Uji wa Kanze una moshi.'"

Kuku mmoja alilia. Mimi nilijikaza mpaka mbavu zikauma.

"Moshi?" Kanze akasema. "Uji wangu? Nimekupa kitanda, nimekutekea maji, nimekuzika, na unaniandika uji? Kahonzi, hilo haliingii kitabuni. Futa."

Sasa mtazameni mpwa wangu alivyobanwa. Huku kuna mavyaa, mwenye nyumba, mwenye ukuta, ambaye asubuhi hiyo tu amemvunjia mwiko na kumwingiza chumbani. Huku kuna ahadi ya kutofuta neno hata lililolambwa na mbuzi. Riya alimtazama. Mzee Lakhamshi alimtazama. Mimi pia, ingawa nilikuwa naangalia zaidi kama kioo changu kitarudishwa.

"Mama," Kahonzi akasema, "neno la mtu aliyekufa siwezi kulifuta. Lakini mtu akikusema mbele ya watu, unaruhusiwa kumjibu. Mjibu."

"Nimjibu vipi? Amekufa."

"Kama alivyosema yeye. Ukutani. Chokaa ipo, nyeupe, umeiosha mwenyewe."

Kanze alifikiri. Akaingia jikoni, akatoka na kaa. Wakaingia chumbani wawili, mavyaa na mke wa mwana, na mlango safari hii ukaachwa wazi. Kahonzi akaushika mkono wa Kanze ndani ya mkono wake, wakaandika herufi moja moja, Kanze akiuliza kila mara, "Hii ndiyo inayosema nini?" Ilichukua muda hata Mzee Lakhamshi akalala kitini. Walipomaliza ukuta ulisema:

"Moshi uliletwa na kuni mbichi ulizokata wewe siku ile uliyojitia nguvu. KANZE."

Kitabu kilitoka kabla ya mvua. Ukurasa wa mwisho una maneno ya mwanafalsafa, na chini yake jibu la mwenyeji wake, na watu wengi niliokutana nao Malindi wanaanza kusoma hapo. Kahonzi ameurudia ukuta ule kwa utomvu wa mkorosho ili maneno yasifutike tena, kauzungushia ukingo, na sasa Kanze huwaingiza wageni chumbani hata wale waliokuja kuuliza njia. Nakala yake ya kitabu ameiweka juu ya mtungi. Jioni humwambia Kahonzi, "Nisomee pale nilipomjibu," mpaka juzi nilipopita nikamkuta peke yake, kitabu mapajani, kidole kinatambaa chini ya mstari wake, midomo inatikisika: mo-shi u-li-le-twa.

Alinikaribisha uji. Nimeunywa wote kwa heshima. Na niwaambie ukweli wa mjomba: moshi ungalimo, na kuni safari hii zilikuwa kavu kabisa. Lakini hilo msimwambie Kahonzi. Ataliandika.